Upinde, Waya na Nguruwe wa Rufiji

Mpunga ukianza kuiva kwenye mabonde ya Rufiji, familia nzima huhamia shambani. Hulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo za miti, na usiku kucha hupiga madebe, huchochea moto na kupaza sauti gizani. Tembo na kiboko hufika, na hufanya hasara kubwa wakifika. Lakini mgeni wa kila msimu ni nguruwe pori. Kundi moja likipata shamba la mihogo usiku, asubuhi mwenye shamba hukuta tuta limepinduliwa, mizizi imetafunwa nusunusu na mashina yametupwa huku na huko.

Nyuma ya nguruwe huja simba. Mwaka 2005 mtafiti Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wao: kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 563 nchini Tanzania. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, na yalikithiri katika wilaya zenye nguruwe pori wengi na mawindo mengine machache. Simba humfuata nguruwe hadi shambani, na shambani kuna mtu aliyelala. Rufiji haikuhitaji jarida kulijua hilo. Simba mmoja ambaye wananchi walimpa jina la Osama aliua watu wapatao 35 kuanzia mwaka 2002 hadi alipouawa Aprili 2004.

Naanza na nguruwe kwa sababu kila tunapojadili uwindaji wa jadi tunakimbilia ama ujangili ama utalii, na mkulima wa Ruaruke au Mbwera tunamsahau. Swali lenyewe ni hili: je, vijiji vya wilaya za Kibiti na Rufiji viruhusiwe kuwa na wawindaji wao wa upinde, katika ardhi ya kijiji, kwa ajili ya kulinda mashamba? Nasema viruhusiwe, kwa mipaka mikali. Na sababu yangu kubwa haihusu idadi ya nguruwe watakaouawa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1896 Wajerumani walitoa amri ya kwanza ya wanyamapori katika koloni lao na kutenga maeneo ya hifadhi, moja likiwa huku Rufiji. Hapo ndipo lilipochimbuka Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu njaa na nguruwe pori Uzaramo, ameeleza yaliyofuata vijijini. Wanaume walichukuliwa kufanya kazi nje ya vijiji vyao, uwindaji wa pamoja ukabanwa, nguruwe wakazidi, na mzigo wa kulinda mashamba ukawaangukia wanawake. Kwake yeye, mahangaiko hayo ni sehemu ya chanzo cha Vita vya Majimaji katika ukanda huu. Yaani suala la nani ana haki ya kumzuia nguruwe liliwahi kuwa suala la vita, na Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, Agosti 1905, hapa hapa Rufiji.

Sasa tuutazame upinde wenyewe. Fimbo ya mti kama mkole, unaokunjika bila kuvunjika. Upote wa ukano wa mnyama. Mshale ulionyooshwa kwa moto, wenye chembe mbele na manyoya nyuma. Silaha hii ina udhaifu mmoja unaoamua kila kitu: haifiki mbali. Mwindaji lazima amsogelee mnyama hadi hatua ishirini hivi, na kwenye kichaka cha pwani, palipo na majani makavu chini na miiba ubavuni, hatua ishirini ni kazi ya asubuhi nzima. Kusi likivuma, hulikabili uso kwa uso. Akilipoteza, hudondosha majivu kidogo kutoka kwenye kitambaa na kutazama yanakoelekea. Huinama kwenye unyayo: kingo zikiwa bado kali, mnyama amepita alfajiri, zikiwa zimemomonyoka na umande umeingia ndani, amepita jana. Utando wa buibui uliotanda kwenye mapito humwambia kwamba leo hajapita yeyote.

Maarifa haya hayasomwi darasani. Kijana huyapata kwa kutembea nyuma ya mzee, akikatazwa kusema, akiulizwa kila baada ya muda ameona nini. Humo ndimo anamojifunza pia ni mti gani hutoa dawa, maji yako wapi kiangazi, nyuki wamejenga wapi, na ni wakati gani funo au pongo ana mtoto na hapaswi kuguswa. Mwenye kujua msitu kwa kiasi hicho huona haraka shina lililokatwa jana. Ndiye mlinzi ambaye msitu wa Ngumburuni, misitu ya mto Ruhoi na mikoko ya delta inamhitaji.

Kilichochukua nafasi ya upinde ni waya. Ukweli huu hausemwi vya kutosha. Mtego wa waya hauhitaji mtu ajue upepo, wala unyayo, wala majira. Unafungwa kwenye mapito, mtegaji anaondoka, na waya unakamata chochote: paa mwenye mimba, mbwa wa jirani, mtoto wa simba. Asiporudi, mnyama anaoza pale pale. Gobole nalo linaua kwa kelele, na likishikwa na asiyejua linamdhuru mwenye nalo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mitego, nyavu, mashimo na sumu, na ni sawa kabisa ikataze. Lakini kijana wa Kibiti anayekamatwa na upinde na anayekamatwa na rundo la waya wote wanaitwa jangili, na kati ya hao wawili, waya ndio unaofichika kirahisi mfukoni. Matokeo ni kwamba tumeua ujuzi na tumebakiza mtego.

Mkulima je, anabaki na nini? Sheria inamruhusu kutetea uhai na mali yake. Kanuni za mwaka 2011 awali ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa familia ya aliyeuawa na mnyama mkali, na kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano. Fedha hizo ni za uharibifu wa tembo, kiboko na wanyama wakali wenzao. Nguruwe, anayekuja kila usiku, hahesabiwi humo. Mama aliyefukuliwa mihogo yake hana mlango wa kubisha.

Hoja za upande wa pili ni nzito, na mbili kati yake zinanisumbua. Ya kwanza: nguruwe hula usiku, upinde ni silaha ya mchana. Hili ni kweli. Mwindaji itabidi amfuate kichakani anakolala, na nguruwe aliyejeruhiwa ni hatari. Kwa hiyo asiwepo anayeahidi kwamba pinde chache zitamaliza tatizo; dungu litaendelea kuwepo.

Ya pili ni ya usalama. Kibiti ya mwaka 2017 haijasahaulika: viongozi wa vijiji waliuawa, askari polisi wanane wakauawa Aprili, na bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Ofisa wa wilaya anayesita kuidhinisha watu kutembea msituni na silaha ana sababu ya kusita. Lakini mwindaji aliyeandikwa kwenye daftari la kijiji, anayejulikana kwa mtendaji na kuaga kabla ya kuingia msituni, hupunguza wasiwasi huo. Msitu usio na mwenyeji anayeupita kila siku ndio maficho mazuri.

Na nyama? Wakazi wengi wa Rufiji na Kibiti ni Waislamu, nguruwe haliwi, kwa hiyo anayemwinda hamwindi kwa tamaa ya mchuzi. Hata hivyo Dar es Salaam haiko mbali, na huko walaji hawakosekani. Ndiyo maana kibali kikatae kabisa biashara ya nyama hiyo, nje ya utaratibu wa mabucha ya nyamapori ulioanzishwa mwaka 2020.

Mfano wa Kenya unafaa kutuonya. Wawata, wapiga upinde hodari wa nyika ya Tsavo, walikamatwa kwa wingi katika operesheni dhidi ya ujangili ya miaka ya 1956 na 1957. Baadaye, mwaka 1960, ukaanzishwa mradi wa Galana kwa lengo la kuwapa uwindaji halali. Wakaishia kuwa vibarua ndani yake, uamuzi ukiwa mikononi mwa wengine, na mwaka 1977 Kenya ikafunga uwindaji. Wahadzabe wa Eyasi, kwa upande wetu, bado wanawinda kwa upinde na nchi haijaharibika kwa sababu hiyo.

Ninachoiomba Wizara ya Maliasili na Utalii, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) na halmashauri za Kibiti na Rufiji ni kidogo. Chagueni vijiji vichache, kimoja kiwe kwenye delta na kingine jirani na jumuiya ya uhifadhi wa wanyamapori ya MUNGATA ambako askari wa wanyamapori wa vijiji tayari wapo. Ruhusa iwe ya nguruwe pori peke yake, nje ya hifadhi, bila sumu wala mbwa, na kila mwindaji mzee apewe vijana wa kufundisha. Serikali ya kijiji ndiyo iteue na ndiyo ifute. Anayepatikana na waya afutwe siku hiyo hiyo. Na fanyeni hivyo sasa, kwa sababu wazee wanaojua kusoma unyayo wamebaki wachache, na hakuna mahali popote walipoandikwa.