MWANDISHI WA NYUMBANI NAYE NI MFANYAKAZI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya afya ya ndugu zetu wanaofanya kazi ya uandishi majumbani mwao. Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, nawafahamu walimu kadha wa kadha huku vijijini walioshika kalamu. Jambo hilo linatia moyo. Lakini namna wanavyoishi inasikitisha.

Mtu aliyeajiriwa ana sheria ya kumlinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kazi za kawaida kwa juma, mapumziko ya saa moja kwa afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwandishi wa nyumbani hana kengele wala msimamizi. Yeye ndiye meneja na yeye ndiye tarishi. Matokeo yake anajinyima usingizi ambao, kama angenyimwa na mwajiri, angekwenda kushtaki. Zamani koroboi ilikuwa inasaidia: mafuta ya taa yakiisha, mtu analala apende asipende. Sasa umeme umetufikia, na asiye na umeme ana taa ya jua. Tunashukuru sana, ila taa hizi hazichoki, na mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba.

Tena kukesha kwetu si sawa na kukesha kwa mtu wa Ulaya. Mbu aenezaye malaria huuma zaidi usiku. Chandarua humkinga aliye kitandani, hakimkingi aliyeketi mezani saa sita za usiku na kaptura yake. Serikali imegawa vyandarua kwa gharama kubwa, nasi tunaviacha vikining'inia juu ya kitanda kitupu! Mwandishi wa usiku hana budi kuvaa suruali ndefu na soksi na kuweka wavu madirishani. Yuko mwenzangu mmoja aliyetundika chandarua cha pili juu ya meza yake. Watu wanamcheka, lakini mimi naona ndiye mwenye akili kuliko wote.

Kuhusu kukaa, wengi wetu tunaandikia kitandani au juu ya kigoda, mgongo umepinda kama upinde. Meza na kiti cha fundi wa kijijini, miguu ikafika chini, ni bora kuliko dawa ya kuchua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima autembeze mwili kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Mwenye shamba hana haja ya kununua viatu vya mbio. Mwalimu Nyerere alitafsiri "Julius Caesar" ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963 akiwa Rais, na alipostaafu urais mwaka 1985 alirudi kulima Butiama. Kalamu na jembe hazina ugomvi.

Macho nayo yapumzishwe. Kila baada ya dakika 20 hivi, tazama kitu kilicho mbali kwa muda mfupi. Sisi wa Muheza tunayo milima ya Usambara, haitozwi kiingilio. Aliyepita miaka 40 na anayesogeza karatasi mbali ili asome, aende akapimwe miwani badala ya kuilaumu taa. Na chai jamani! Shirika hilohilo linataka sukari ya kuongeza isipite kama vijiko 12 vya chai kwa siku. Anayetia vijiko vitatu kikombeni na kunywa vikombe vinne amekwisha maliza fungu lake kabla hajagusa chakula.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya hili: jamii haiamini kwamba aliye nyumbani na kalamu yuko kazini. Akionekana ameketi, anatumwa dukani, anaachiwa watoto wa jirani, wageni wanapiga soga hadi jua linazama. Ndiyo maana anasubiri watu walale ndipo aandike. Kwa dada zetu hali ni mbaya zaidi. Mwanamke huanza kuandika baada ya kupika, kuosha vyombo na kulaza watoto, na alfajiri ndiye wa kwanza kuamka. Kumwambia mtu kama huyo apumzike bila mumewe kushika ndoo ya maji ni kumdhihaki. Kina baba tuzungumze na wake zetu, tupange saa mbili za mchana ambazo mwandishi wa nyumba hiyo, awe mume au mke, hasumbuliwi.

Naziomba serikali za vijiji, kamati za shule na wasimamizi wa vituo vya walimu waruhusu chumba kimoja kitumike na waandishi jioni, kuanzia saa tisa na nusu wanafunzi wakisharudi makwao hadi saa kumi na mbili. Madawati yapo, mwanga wa jua upo, na gharama yake ni kumwachia mtu mmoja mwaminifu ufunguo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muheza, Tanga.