Mficha maradhi hamuokoi mgonjwa

Guangzhou kwa wengi wetu ni mji wa biashara. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaujua kwa makontena ya nguo, simu na vipuri. Lakini mji huo una somo jengine ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki tungefaidika nalo zaidi: ni wakati gani mgonjwa anayeshindwa kupumua awekwe kwenye mashine.

Mwishoni mwa mwaka 2002 homa kali ya mapafu, iliyokuja kuitwa SARS, ilizuka katika jimbo la Guangdong, ambalo mji wake mkuu ni Guangzhou. Wakubwa waliinyamazia kwa wiki kadhaa, hadi tarehe 11 Februari 2003 walipotangaza wagonjwa 305 na vifo 5. Wakati huo madaktari na wauguzi wengi walikuwa wameshaambukizwa, baadhi yao wakiwa katika kazi ya kuingiza bomba kooni mwa wagonjwa.

Daktari Zhong Nanshan, bingwa wa maradhi ya mapafu mjini humo, alitaka wagonjwa mahututi zaidi wapelekwe kwake. Yeye na wenzake hawakukimbilia bomba. Mgonjwa ambaye oksijeni ya kawaida haikumtosha walimvalisha barakoa iliyounganishwa na mashine ya kusukuma hewa, akiwa macho. Bomba likawa la wale ambao barakoa haikuwasaidia. Guangdong ilipata wagonjwa karibu 1,500 na waliofariki hawakufika 60. Duniani kote waliugua 8,096 wakafa 774. Hatusemi barakoa peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, lakini uangalizi wa karibu ulikuwa na sehemu yake.

Mashine ya kupumulia si dawa. Humshikilia mgonjwa mpaka mapafu yapone, na yenyewe huweza kuyajeruhi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, wenye wagonjwa 861, ulionyesha kuwa kupunguza kiasi cha hewa kinachosukumwa kwa kila pumzi kulishusha vifo kutoka karibu 40 hadi 31 katika kila wagonjwa 100. Anayewekewa bomba mapema bila haja hulazwa kwa dawa za usingizi na kuingia katika hatari ya maambukizi mapya. Anayecheleweshwa huchoka, akili humpotea, na moyo unaweza kusimama bomba likiingizwa. Kwa hiyo daktari huhesabu pumzi, hupima oksijeni, hutazama kama mgonjwa bado anaweza kuzungumza, na baada ya saa moja au mbili hujiuliza upya.

Sasa tuje nyumbani. Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema hospitali za umma za nchi 41 za Afrika zilikuwa na mashine zisizofika 2,000 kwa jumla, na nchi 10 hazikuwa na hata moja. Huko swali la lini huwa limeshajibiwa na umasikini.

Lakini Tanzania iliongeza la pili: siri. Mei 2020 takwimu za korona zilisimamishwa zikiwa 509. Watu wakazikwa kwa jina la "changamoto ya kupumua", na kujifukiza kukahimizwa. Chama cha ACT-Wazalendo kilipotangaza wazi kuwa Maalim Seif Sharif Hamad ana korona, kilifanya ambalo serikali haikulifanya. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Juni mwaka huo Rais Samia alitaja wagonjwa wapatao 100, na kwamba karibu 70 kati yao walikuwa kwenye oksijeni. Hapo ndipo mtu aliweza kuuliza: mitungi iko wapi, na inatosha siku ngapi?

Sisi tunasema hivi. Mgonjwa aliyeambiwa hakuna ugonjwa hukaa nyumbani na nyungu yake, na akifika hospitali wakati wa barakoa umeshapita, hata wa bomba huenda umepita. Zhong Nanshan aliweza kuchagua saa kwa sababu wagonjwa walimfikia. Aprili 2003 huyo huyo alisema hadharani kuwa maradhi hayajadhibitiwa, wakati wakubwa wa Beijing wakidai kinyume.

Serikali zetu zinunue oksijeni, vipimo vya kidoleni na mashine, na zisomeshe wauguzi wa kuzisimamia. Lakini la kwanza halina gharama: ugonjwa utajwe kwa jina lake siku unapoingia. Wahenga walikwishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu sisi kiliwaumbua wakubwa, lakini waliozikwa ni wananchi.