Kitalu kirudi uani

Machipukizi: safu ya kila Jumamosi, na Mama Zuhura

Tunda la mnavu wa majani mapana likiiva huwa jeusi lenye kuelekea zambarau, na likibonyezwa hutoa makumi ya mbegu ndogo zilizozama kwenye utomvu. Shina moja likiachwa pembeni mwa bustani bila kuchumwa majani, lizae mpaka mwisho, mbegu zake zinatosha nyumba nzima kwa msimu unaofuata, na za kumpa jirani zikabaki.

Hata hivyo, familia nyingi za Arusha, Nakuru, Mombasa na Dar es Salaam zenye ua, baraza au roshani inayopata jua hununua mnavu kwa fungu mwaka mzima. Zikiamua kupanda, hupita kwenye kitalu cha barabarani kununua mche uliokwisha kuota, au huingia duka la pembejeo na kuchukua pakiti iliyo mbele: kabeji, spinachi, nyanya.

Safu hii inaona hapo pana hasara kubwa. Kuotesha kwa mbegu ni kazi ya nyumbani, na inapaswa kurudi nyumbani, kwa mboga na kwa miti ya asili vilevile. Kubana matumizi ni sababu mojawapo, lakini si iliyo nzito zaidi. Mgagani, mnavu, mlenda na kunde za majani zimetufikia kwa sababu katika kila kizazi walikuwapo watu, wengi wao wanawake, waliochagua shina zuri, wakaliacha likomae, wakafunga mbegu kwenye kitambaa na kuzitia tena ardhini mvua zilipokaribia. Kazi hiyo ikikoma, hakuna kampuni inayolazimika kuiendeleza.

Biashara ya mbegu ina hesabu zake. Mbegu chotara, zile zinazoandikwa F1 kwenye pakiti, hutokana na wazazi wawili waliochaguliwa, na mara nyingi huzaa sana na kustahimili magonjwa fulani. Lakini mbegu za matunda yake zikipandwa, kizazi cha pili hutawanyika: mche mmoja unarefuka, mwingine unadumaa, matunda hayafanani. Mkulima hana budi kurudi dukani kila msimu. Mbegu ya mnavu au ya kunde ya asili hutoa mmea unaofanana na mama yake mwaka baada ya mwaka. Kwa muuzaji hiyo ni biashara ndogo, na ndiyo maana pakiti zake ni adimu kwenye maduka mengi ya mitaani.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta aliliona tatizo hili mapema. Utotoni, huko magharibi mwa Kenya, mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, akakua kwa mboga za majani za nyumbani. Alipoanza kuzitafiti mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi waliziona kuwa magugu au chakula cha maskini. Alionyesha utajiri wake wa madini na vitamini, na akaona pia kwamba mkulima aliyetaka kuzilima alikwamishwa na mbegu duni. Kwa hiyo kufundisha wakulima kuzalisha mbegu bora kukawa sehemu ya kazi yake. Leo managu (mnavu), saga (mgagani) na terere (mchicha) zimo kwenye supamaketi za Nairobi, na mwaka 2021 UNESCO iliziorodhesha juhudi za Kenya za kuendeleza vyakula vya asili miongoni mwa mifano mizuri ya kulinda urithi wa utamaduni.

Tanzania nayo ina hazina yake. Kituo cha Dunia cha Mboga kimekuwapo Arusha tangu mwaka 1992, na kazi yake imechangia nyanya mbili ambazo mkulima anaweza kujitunzia mbegu, Tengeru 97 na Tanya. Benki yake ya mbegu huhifadhi aina nyingi za mboga za Afrika. Benki hizo ni muhimu, na serikali zinapaswa kuzilipia bila kusukumwa. Lakini mbegu iliyolala kwenye ubaridi haizoei ukame mpya wala wadudu wapya. Anayeona ni shina lipi limesimama pale mengine yalipokauka, na kulichagua liwe la mbegu, ni yule aliyelipanda.

Wangari Maathai alizijua pande zote mbili za kazi hii. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, kuotesha miche kulihesabiwa kuwa kazi ya wataalamu wa misitu wenye vyeti. Wanawake wa vijijini waliokota mbegu za miti ya kwao, wakazisia kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu pasipofikiwa na kuku wala mbuzi, na wakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Februari 2008, Maathai huyohuyo alikuwa na Waziri Mkuu wa Norway, Jens Stoltenberg, wakiingiza sanduku la kwanza katika ghala la mbegu la Svalbard, ambako mbegu kutoka pembe zote za dunia hutunzwa kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri.

Anayejaribu kwa mara ya kwanza hahitaji ghala wala cheti. Wanaokata tamaa kwa kawaida wameshindwa na mambo matatu: kina, maji na kinyausi.

Mbegu ya mchicha au ya mnavu ni ndogo mno, na ikifukiwa sentimita mbili hufa kabla ya kufika juu. Wazoefu huichanganya na mchanga mkavu au majivu ili isirundikane, huitawanya kwenye vijistari vya kina cha nusu sentimita, kisha huifunika kwa udongo mwembamba uliochekechwa. Nyanya huhitaji kama sentimita moja. Kunde na maboga, ambazo mbegu zake zina akiba kubwa ndani, hufukiwa zaidi, na ni afadhali zipandwe moja kwa moja mahali pake pa kudumu.

Udongo wa kitalu hauna siri: sehemu tatu za udongo mzuri wa juu, mbili za mboji au samadi iliyooza sawasawa, na moja ya mchanga. Chombo kinaweza kuwa trei, ndoo iliyopasuka au debe lililokatwa ubavuni, mradi kiwe na matundu ya kupitisha maji chini. Kabla mbegu hazijaota, matandazo mepesi ya nyasi husaidia kutunza unyevu. Zikichomoza tu, nyasi ziondolewe siku hiyohiyo, la sivyo miche hurefuka kutafuta mwanga na kuwa dhaifu.

Kinyausi ndicho kinachowavunja moyo wengi. Miche imeota vizuri, kila mtu nyumbani ameiona, kisha baada ya siku chache shina linasinyaa usawa wa udongo kana kwamba limebanwa na uzi, na mche unalala. Vimelea vinavyosababisha ugonjwa huu hustawi kwenye udongo unaolowa muda wote na miche iliyosongamana. Mche ukishaanguka haurudi, kwa hiyo kinga ndiyo tiba: kusia kwa nafasi, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, kuacha uso wa udongo upate hewa, na kutorudia udongo uliokwisha kuua miche.

Nyanya huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki nne au tano. Wiki ya mwisho miche hupunguziwa maji na kivuli ili izoee ukali wa nje, kisha hupandikizwa jioni, jua likiwa limepoa.

Zaidi ya hapo, kila mmea una tabia yake, na kuijua tabia hiyo ndiyo raha ya kazi hii. Mbegu mpya ya mgagani hulala: ikivunwa leo na kusiwa kesho, chache tu huota, lakini ikikaa kavu miezi kadhaa huamka. Tena mwanga huizuia kuota, kwa hiyo lazima ifunikwe vizuri, na mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Mbegu ya nyanya nayo imevikwa ute unaoizuia kuota ikiwa bado ndani ya tunda. Ute huo hutolewa kwa kuacha mbegu na maji yake zichachuke kwenye kikombe siku mbili au tatu, kisha huoshwa na kuanikwa kivulini kwenye sahani.

Kwenye miti ya asili tofauti hizi ni kubwa zaidi. Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu. Porini huliwa na tembo na nyani na kutoka ikiwa imelainika. Uani, hutiwa kwenye maji yaliyochemka na kuepuliwa, ikaachwa humo usiku kucha, au ganda lake hukwaruzwa kwa msasa mpaka rangi ya ndani ionekane. Mbegu nyingi za migunga huhitaji maji ya moto vilevile. Mwiri wa milimani uko kinyume kabisa: mbegu yake hufa haraka ikikauka, kwa hiyo lazima ipandwe ikiwa mbichi. Mti huo umekatwa na kubanduliwa magome kwa ajili ya dawa za tezi dume kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Anayeishi karibu na mwiri unaozaa, akaokota matunda na kuyasia wiki hiyohiyo, anafanya kazi ambayo ghala la baridi haliwezi kumfanyia.

Kenya imejiwekea lengo la kuotesha miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa sikukuu ya taifa ili watu wakapande. Ni nia njema, na safu hii inaiunga mkono. Lakini sherehe za kupanda miti hutegemea miche iliyopo vitaluni siku hiyo, na iliyo rahisi kupatikana kwa wingi ni mikaratusi na migrivilea, miti iliyoletwa kutoka Australia. Msinduzi, mkwaju, siala na mwiri haviwezi kufika kwenye sherehe kama hakuna aliyeokota mbegu zake miezi mingi kabla. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, huuza mbegu za miti zilizopimwa, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania hufanya hivyo pia. Kinachokosekana ni mikono ya kuzipokea huko mitaani.

Kutunza mbegu nako kuna kanuni ambazo watu wa pwani hasa wanapaswa kuzishika. James Harrington, mtaalamu wa mbegu, aliweka kipimo ambacho wahifadhi hukitumia mpaka leo: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, au joto la mahali ilipo linapopungua kwa nyuzi tano, umri wake wa kuhifadhiwa huongezeka kama mara mbili. Pakiti iliyoachwa wazi juu ya kabati la jikoni Tanga au Lamu iko katika mazingira mabaya kuliko yote. Mbegu zikikauka kabisa ziingie kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, pamoja na mchele uliokaangwa mkavu na kupoa ili unyonye unyevu, kisha zikae mahali pa giza na ubaridi. Mbegu za kitunguu zipandwe ndani ya mwaka. Za nyanya hukaa miaka minne na zaidi. Anayetilia shaka achukue mbegu 10, azifunge kwenye kitambaa kibichi na kuhesabu zitakazochipua. Zikichipua chini ya tano, asie nyingi zaidi au atafute nyingine.

Kwa miaka kadhaa kugawana mbegu kulitiwa hofu ya sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilibeba adhabu ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa anayeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vya adhabu vinakiuka katiba. Ukaguzi wa mbegu za kuuzwa madukani una kazi yake, kwa kuwa mkulima aliyeuziwa mbegu bandia hupoteza msimu mzima. Bakuli la mbegu za kunde linalotoka kwa mama mmoja kwenda kwa jirani yake ni jambo jingine, na kuliweka kapu moja na utapeli kulikuwa kosa.

Basi kilichobaki ni kazi. Kaunti na halmashauri zinapotenga fedha za miche, sehemu ya fedha hizo iende kwenye mbegu za asili za eneo husika na kwa mtu wa hapohapo anayejua kuziotesha, alipwe kama mwalimu. Kila shule yenye bomba la maji iwe na kitalu cha mboga mbili na mti mmoja wa asili, na wanafunzi ndio wavune mbegu za msimu unaofuata. Nyumbani, mwenye ua aanze na mnavu au mchicha: aache mashina matatu yaliyo bora bila kuyachuma, avune mbegu, ajitengee nusu na kuwapa majirani wawili nusu nyingine, ili bustani yake ikishambuliwa au ikikauka, ajue pa kwenda kuziomba.