AFYA YA NYUMBA ZETU: MOYO WA KIJANA NA SINDANO YA MWEZI



Wengi wetu hudhani kuwa maradhi ya moyo ni ya wazee. Lakini yako maradhi ya moyo yaanziayo katika koo la mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15. Mtoto huumwa koo kwa vijidudu, asitibiwe, kisha apone. Baada ya wiki 2 au 3 hushikwa na homa, na viungo vyake huvimba: leo goti, kesho kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, lakini moyo huenda usipone. Kwani kinga ya mwili, iliyotoka kupigana na vijidudu, huugeukia moyo na kuziharibu vali zake, yaani vile vilango vizuiavyo damu isirudi nyuma. Na kila homa hiyo irudipo, madhara huzidi.

Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kuugua huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, pengine 10 na zaidi, kwa kadiri moyo ulivyoumia. Hapa ndipo tujikwaapo. Kijana yu mzima, anaokota korosho na wenziwe, anacheza mpira, nasi twauliza, "Sindano ya nini kwa mtu asiyeumwa?" Msimu wa korosho ukiingia, safari ya zahanati huahirishwa, Ramadhani ikiingia, huahirishwa tena. Twasahau kuwa kijana haumwi kwa sababu analindwa.

Juu ya saumu, wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema kuwa sindano ya dawa isiyo lishe haifunguzi. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake kabla mwezi haujaandama, wala asiiache sindano. Na asemaye kuwa dua yatosha, na akumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Binti aliyeambiwa kuwa moyo wake umeguswa, hali yake isifichwe anapoposwa. Mimba huuzidishia moyo kazi, na yapasa daktari ajue mapema.

Twamshukuru Mungu kuwa tangu 2015 iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako mioyo hupasuliwa na kutengenezwa. Lakini njia ya kutoka Newala ni ndefu, na awekewaye vali ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Sindano ya zahanati ni nyepesi kuliko hayo.

Basi, ewe mzazi, fungua leo daftari la mwanao utazame: sindano ya mwisho ilichomwa lini?

Wabillahi tawfiq.