Redio za Biashara za Bunia: Nani Analipia Saa za Hewani?

Redio ya kibiashara ya mji mdogo inatakiwa kujilipia yenyewe. Inauza dakika zake kwa wafanyabiashara, makanisa, familia na mashirika, na kwa fedha hiyo inanunua mafuta ya jenereta, inalipa ada za serikali na, kikibaki kitu, inawalipa watangazaji. Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yaliyozungukwa na teritwari ya Irumu, ni mji ambao hesabu hiyo imejaribiwa katika mazingira magumu sana: vita vya kikabila, Ebola, kisha utawala wa kijeshi. Umuhimu wa vituo hivyo hauna ubishi. Mkulima wa Marabo au Nyankunde haletewi gazeti asubuhi, kifurushi cha intaneti kwake ni gharama, na habari nyingi anazozijua amezisikia kabla ya kuziona popote zimeandikwa. Mjadala unaostahili ni mwingine: nani analipia saa za hewani, na akishalipa anakuwa amenunua nini.

Redio ya Ituri haikuanza na biashara. Radio Congo Belge ya Wabelgiji ilianza Léopoldville mwaka 1940, na baada ya uhuru serikali iliendelea kuishika redio mkononi mwake. Enzi ya Mobutu sauti rasmi ilikuwa La Voix du Zaïre. Kutoka Kinshasa hadi Bunia, hata kwa ndege, ni zaidi ya kilomita 1,700, na mambo ya mkulima wa Ituri yalisikika kwa nadra kwenye redio ya taifa. Sauti ya kwanza ya mji wenyewe ilitoka kwenye chuo cha ualimu, ISP ya Bunia, ambacho katika miaka ya 1970 kilikuwa na kituo cha kuandaa na kurusha vipindi vya elimu, kwa kifupi CANDIP. Radio Candip ilirusha kwa mawimbi mafupi, jirani na kilohezi 5,066, ndiyo maana ilivuka milima ambayo mawimbi ya FM ya leo hayaivuki. Kazi yake ilikuwa kufundisha: kilimo, afya, malezi, kazi ya mwalimu wa kijijini. Haikuwa na haja ya kuuza sabuni, kwa sababu chuo ndicho kilichobeba mzigo. Hilo linafaa kukumbukwa, maana wengi huzungumza kana kwamba redio ya kijijini ilizaliwa pamoja na miradi ya wafadhili.

Mlango wa watu binafsi ulifunguliwa kwa kuchelewa. Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, lakini sheria ya uhuru wa vyombo vya habari ilipatikana tarehe 22 Juni 1996. Majirani walikuwa wamekwisha kupiga hatua: Kampala ilikuwa na redio binafsi tangu 1993, Tanzania ilipitisha sheria yake ya utangazaji mwaka huohuo na Radio One ikaanza kusikika 1994. Tofauti haikuwa ya miaka tu. Uganda na Tanzania zilifungua masafa miji yao mikuu ikiwa na amani, soko likakua pamoja na vituo. Kongo ilipata sheria miezi michache kabla ya vita vya Oktoba 1996, na vita vya pili vikafuata Agosti 1998. Bunia ikawa chini ya waasi na majeshi ya Uganda, na kuanzia 1999 mapigano kati ya wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu yakageuza Ituri kuwa uwanja wa mauaji. Makadirio ya mashirika ya haki za binadamu ni kwamba zaidi ya watu 50,000 walikufa hadi 2003. Katika miaka hiyo kuushika mji kulimaanisha pia kuishika maikrofoni yake, na hata kituo kilichojengwa kwa ajili ya walimu hakikuwa na mlango wa kufungia watu wenye bunduki.

Kikosi cha Artemis cha Umoja wa Ulaya kiliingia Bunia Juni 2003, na baada ya hapo ramani ya redio ikabadilika haraka. Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ilipata kituo mjini. Zilisikika pia redio za FM za wenyeji: Radio Canal Révélation, Radio Tangazeni Kristo ya Wakristo, na nyingine za watu binafsi na za jamii. Mtambo wa wati mia kadhaa, mnara, kompyuta moja na chumba kilichobandikwa magodoro ukutani vilitosha kuanza. Kuanza ni rahisi. Tatizo ni mwezi wa nne, mafuta yanapokwisha.

Ratiba ya siku inaonyesha jinsi kituo kinavyojilisha. Alfajiri ni maombi na nyimbo za dini. Saa kumi na mbili na nusu au saa moja huja habari kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, halafu matangazo ya watu. Katikati ya asubuhi ni vipindi vya mashirika kuhusu chanjo, ukatili dhidi ya wanawake au usafi wa maji. Mchana ni muziki wa Kinshasa na salamu za wasikilizaji, jioni michezo na habari tena, usiku mahubiri. Orodha hiyo ikisomwa kwa jicho la mhasibu, inagawanyika katika mifuko minne: kanisa, shirika, mwanasiasa na mwananchi. Kampuni kubwa, zile zinazozilisha redio za Nairobi, hazionekani sana. Tangazo la kampuni ya simu huamuliwa Kinshasa, na mwamuzi hana takwimu yoyote inayomwambia ni watu wangapi wanasikiliza kituo kimoja cha Bunia.

Mfuko wa mwananchi ndio unaodharauliwa, na ndio unaostahili kutazamwa kwa karibu. Mtu anafika mapokezi na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: fulani amefariki, mazishi ni kesho saa nane, watoto walioko Komanda, Mahagi na Aru wajulishwe. Mwingine amepoteza kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Mkongo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo kitambulisho. Mwingine anatafuta mbuzi, shule inawaita wazazi, ushirika unabadilisha siku ya mkutano. Karani anahesabu mistari, anauliza lisomwe mara ngapi, anapokea faranga au dola, anagonga muhuri. Jioni mtangazaji anasoma karatasi hizo moja baada ya nyingine, majina ya watu na ya vijiji, na mji mzima unanyamaza kusikiliza kama kuna jina linalouhusu. Kila mmoja amelipa kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumpigia simu mkurugenzi na kumwambia habari fulani isitoke. Kwa sababu hiyo fedha yao, ingawa ni ndogo, ndiyo safi kuliko zote zinazoingia kituoni.

Fedha ya kanisa inakuja kwa mkataba wa mwezi na inategemewa. Yenyewe haina ubaya, lakini inachukua saa za asubuhi na za usiku, zile ambazo watu wako nyumbani, na inafanya uchunguzi wa mambo ya makanisa kuwa kazi ambayo hakuna anayeigusa. Ya mwanasiasa ni mbaya zaidi. Inakuja kwa msimu, kama ilivyokuwa kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, na mara nyingine inakuja kwa sura ya umiliki kamili: mheshimiwa anafungua redio, anashinda au anashindwa, kisha mtambo unazimika. Hapo hakuna biashara, kuna bango lenye mnara.

Fedha ya mashirika inahitaji hukumu ya uangalifu. Imezaa baadhi ya vipindi bora kabisa vilivyowahi kusikika Ituri. Kuanzia 2005 mradi uitwao Interactive Radio for Justice ulikusanya maswali ya wananchi kuhusu haki na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ukawapelekea wenye mamlaka wayajibu, ukarusha majibu kwenye redio za hapohapo. Wakati Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, anashtakiwa The Hague, na hatimaye kuhukumiwa miaka 14 mwaka 2012, watu waliouishi ule ubaya walikuwa na mahali pa kuuliza kwa nini huyu ameshtakiwa na yule hapana. Redio inayoishi kwa mauzo peke yake isingeweza kulipia safari na muda wa kazi kama hiyo.

Lakini fedha hiyohiyo ina hatari yake, na Ebola iliionyesha. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri ulidumu hadi 25 Juni 2020, ukaua watu 2,287. Fedha ya kupambana na ugonjwa ilimwagika mahali ambapo wengi walikuwa wakifa kwa bunduki, na watu wengi wakaamini kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa. Ujumbe wa afya uliolipiwa ulikuwa wa kweli na uliokoa maisha, lakini msikilizaji hakuambiwa wazi kilichonunuliwa ni kipi na cha chumba cha habari ni kipi. Watangazaji wakawekwa kundi moja na waliotuhumiwa kula fedha hiyo. Novemba 2019 Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii ya Lwemba, teritwari ya Mambasa, aliyeshiriki kuhamasisha watu dhidi ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Mwaka 2021, baada ya mlipuko huo kwisha, mkurugenzi wa redio ya jamii ya Babombi huko Biakato naye aliuawa. Kifo cha mwandishi hakina udhuru wowote. Kwa hiyo kila mfadhili anayenunua dakika anapaswa kukubali kutajwa mwanzoni na mwishoni mwa kipindi, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa.

Kuna pia swali la lugha, ambalo Afrika Mashariki yote inalijua. Redio ya RTLM ya Rwanda, iliyoanza 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari, ilifundisha dunia nzima kitu ambacho maikrofoni inaweza kufanya, na Mahakama ya Arusha iliwahukumu wakuu wake Desemba 2003. Nchini Kenya, baada ya ghasia za 2007 na 2008, mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM, redio ya lugha ya Kikalenjin, alifikishwa The Hague. Kesi yake ilisitishwa Aprili 2016. Kwa Bunia, Kiswahili kimekuwa kinga. Redio inayouza matangazo kwa Mhema, Mlendu, Mbira, Mwaluri na Mnande hailipwi kwa kutukana mmojawapo. Soko lenyewe linamfunga mdomo mtu mwenye chuki. Hata hivyo kinga hiyo ina bei, kwa kuwa mama mzee wa Gety au wa Kasenyi anafuata Kingiti au Kihema vizuri zaidi kuliko Kiswahili cha habari. Kupiga marufuku lugha za nyumbani si jibu. Linalofaa ni kuzipa muda, na kila kipindi kirekodiwe na kihifadhiwe, ili CSAC, baraza la kusimamia vyombo vya habari lililoundwa kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2011, liweze kupata tafsiri pale malalamiko yanapotolewa.

Serikali, kwa upande wake, ni mlipwaji asiyechoka na mara chache ni mlinzi. Kituo kinadaiwa leseni, masafa na kodi za ofisi mbalimbali, za Kinshasa na za jimbo, wakati umeme wa mji hautoshi na kila saa ya hewani ni lita za mafuta. Tangu 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, gavana ni mwanajeshi na raia wanaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Katika hali hiyo mtangazaji wa Bunia anapima kila sentensi inayotaja jeshi au wanamgambo, na kwa kawaida anachagua kusoma taarifa rasmi kama ilivyo. Hapo biashara na woga vinasaidiana: kurudia taarifa ya ofisi hakugharimu pikipiki wala mafuta, na hakumletei mtu matatizo. Mwandishi asiye na mshahara anapokea nauli kutoka kwa yule anayemwalika kwenye semina, desturi ambayo Wakongo wenyewe wanaiita coupage, na habari inatoka jinsi mwalikaji alivyotaka.

Fedha ya wafadhili nayo si ya uhakika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na hatima ya Radio Okapi imefungwa na ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ulioondoka Kivu Kusini mwaka 2024. Wanaosema redio ndogo zitajitegemea sasa kwa sababu hazina budi, wanasahau hesabu. Mfadhili akiondoka, saa zake hazirudi kwa msikilizaji. Zinachukuliwa na mhubiri na mheshimiwa, kwa kuwa ndio wenye fedha taslimu.

Njia iliyopo ni nyembamba lakini inapitika. Matangazo ya wananchi yapewe heshima ya bidhaa kuu: bei moja iliyobandikwa ukutani, yapokelewe pia kwa fedha ya simu kutoka Komanda au Kasenyi bila mtu kusafiri, yasomwe kwa wakati uleule kila siku. Vituo vya Bunia, vikiungana, vinaweza kupima wasikilizaji wao kwa pamoja na kwenda na takwimu moja kwa kampuni za simu, badala ya kila kimoja kubisha hodi peke yake. Paneli za jua zikiingia bila ushuru zitapunguza gharama kuliko semina kumi. Na serikali ya jimbo, inayotumia redio hizi kila kunapokuwa na taarifa ya usalama, ilipe dakika zake kama mteja mwingine yeyote. Ofisi inayodai ada ya masafa huku ikitumia masafa hayo bure haina haki ya kulalamika kwamba redio za Bunia zinamsikiliza anayelipa.