Bahari Si Choo cha Mtu

Ndugu yangu, nenda Mikindani maji yakipwa, usimame karibu na mikoko, uvute pumzi. Huo si uvundo wa tope. Ni maji taka ya mji, yanateremka mpaka mkono wa bahari wa Tudor bila kusafishwa, pale pale watu wanapovua. Kila mwaka tunaambiwa tusubiri, mradi unakuja. Tusubiri mpaka kipindupindu kibishe hodi?

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna mtu ameumia. Kwa hivyo usingoje mtoto augue ndio upige kelele. Piga picha, andika tarehe, tukusanye ushahidi mtaa kwa mtaa.