Wenye Farasi na Wenye Punda wa Meru Wafahamiane

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Lakini mtu akisimama kando ya barabara inayoteremka kutoka Ngarenanyuki, au ile inayoingia sokoni Ngaramtoni, na kuwatazama wanyama hawa wakipita na mizigo yao, atajiuliza ni nani hasa anayempiga mwenzake mateke. Punda hubeba maji, kuni, mahindi na nyanya. Malipo yake mara nyingi ni fimbo, kidonda cha mgongoni kisichopewa nafasi ya kupona na, uzee ukimfika, kuachwa ajitafutie mwenyewe majani ya njiani.

Si mbali na barabara hizo, kwenye mashamba yaliyo kati ya mji wa Arusha na Usa River, wako wafugaji wa aina nyingine. Hao wanafuga farasi, wengine kwa mapenzi tu na wengine kwa ajili ya kuwapandisha watalii. Farasi wao wana mazizi, majani makavu, chanjo na daktari. Makundi haya mawili yanaishi chini ya mlima mmoja, yanafuga wanyama wa ukoo mmoja, na hayajuani. Makala haya yanadai kwamba kutojuana huko ni hasara kwa pande zote mbili, na kwamba umefika wakati wa kukuondoa.

Yafaa kwanza tuelewe utengano huu ulitoka wapi. Farasi hakupata kuwa mnyama wa wengi katika Afrika Mashariki, na sababu yake ni maradhi. Mbung'o waliwaua kwa nagana. Waliosalimika walikutana na maradhi ya farasi ya Afrika, yaletwayo na virusi vinavyoenezwa na usubi, ambayo katika mlipuko mbaya huweza kuua farasi tisa kati ya kumi walioambukizwa. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuumwa, na punda wa kufugwa huvihimili kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana walowezi wa wakati wa Wajerumani katika sehemu za Kilimanjaro walijaribu kumfuga punda milia ili avute magari badala ya farasi. Jaribio hilo halikufaulu, kwani punda milia hakukubali utumwa.

Kwa hiyo farasi alibaki kuwa mnyama wa mwenye fedha za kumtunza, na katika enzi ya ukoloni mwenye fedha hizo alikuwa mlowezi. Margarete Trappe, aliyefika Meru mwaka 1907 na kukaa Momella, mahali ambapo leo pamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, alipata sifa kwa uwindaji na kwa upandaji farasi. Mwafrika wa miteremko hiyo aliendelea kumswaga punda wake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao hadi Umoja wa Mataifa. Katika historia ya namna hiyo, si ajabu kwamba farasi alionekana kuwa alama ya bwana, na punda akawa alama ya unyonge.

Lakini ukoloni umekwisha, na fikra hiyo haina sababu ya kuendelea kuishi. Isitoshe, ni fikra ya kichwa chini miguu juu. Wataalamu wanakubaliana kwamba punda alifugwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Afrika, upande wa kaskazini mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, ambapo farasi alitoka nje ya bara letu. Ikiwa kuna mgeni na mwenyeji kati ya wanyama hawa, basi mwenyeji ni punda.

Sasa tuulize: wakifahamiana watapeana nini? Jibu ni kwamba watapeana maarifa, na maarifa hayo yanahitajika sana. Mwili wa punda na wa farasi unafanana kiasi kwamba wanaweza kuzaa pamoja. Kwato zao huhitaji kukatwa, meno yao huhitaji kutazamwa, na minyoo huwadhoofisha wote wawili. Lugha yetu yenyewe iliupa ugonjwa mmoja wa hatari jina la pepopunda, na kweli wanyama wa ukoo huu huupata upesi kuliko mifugo mingine. Mwenye farasi anajua kwamba kidonda kidogo cha msumari kinaweza kuua, naye huchanja mapema. Mwenye punda mara nyingi hajaambiwa kwamba chanjo hiyo ipo.

Chukua pia suala la matandiko. Watu wengi humfunga punda mkokoteni kwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kuizuia nira, lakini punda hana. Yeye husukuma kwa kifua, na nira humchubua shingo mpaka nyama ikaonekana. Anachohitaji ni mkanda mpana wa kifuani, uliowekewa kitambaa au gunia laini. Anayebebeshwa mgongoni anahitaji shogi yenye pedi inayouacha wazi uti wa mgongo, wala si kamba ya nailoni juu ya ngozi tupu. Vitu hivi havihitaji fedha za kigeni, bali fundi, gunia na mtu wa kuonyesha. Arusha kuna CAMARTEC, kituo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981 kushughulikia zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Kuna pia chuo cha mifugo cha Tengeru. Ujuzi haupo mbali. Kinachokosekana ni mlango wa kuupitishia.

Wala isidhaniwe kwamba mafundisho yatatoka upande mmoja tu. Mwanamke wa Kimaasai wa Oldonyosambu ambaye amewatunza punda tangu utoto anajua mahali penye malisho wakati wa kiangazi, anajua mabonde yanayojaa usubi baada ya mvua, na anamtambua mnyama mgonjwa kabla hajalala chini. Mwenye farasi aliye na busara atamsikiliza.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni usalama wa punda wenyewe. Huko China ngozi ya punda huchemshwa kupata gundi itumiwayo kama dawa, na mahitaji ya gundi hiyo yamewaondoa punda wengi katika bara letu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na punda zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya mwaka 2009, na kufikia sensa ya mwaka 2019 walibaki takribani milioni 1.2, baada ya machinjio kufunguliwa katikati ya kipindi hicho. Hapa kwetu machinjio ya punda yalipata kuwapo Dodoma na Shinyanga. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mzima au zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Mnyama wa namna hiyo akichinjwa kwa kasi ya kiwanda, hakuna uzazi utakaoziba pengo. Ndiyo sababu mwezi wa Februari mwaka 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafiki kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15.

Huo ni uamuzi wa kupongezwa. Hata hivyo, azimio la Addis Ababa halilindi zizi la Kisongo usiku. Linalolilinda ni jirani amjuaye punda wa jirani yake, alama yake na sauti yake, naye akimwona anaswagwa na mgeni alfajiri, huuliza. Tunayo sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Sheria hiyo itakuwa na nguvu pale tu wafugaji watakapokuwa wametambuana wao kwanza.

Walimu wanajua vizuri gharama ya punda aliyepotea. Katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Mlima Meru, maji ya karibu yana madini ya floridi kupita kiasi, yale yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia na kuharibu mifupa. Maji mema hufuatwa mbali. Punda akiibwa au akifa kwa kidonda, mzigo wake hauendi popote. Unahamia mgongoni mwa mama, na baada ya mama, mgongoni mwa binti ambaye asubuhi hiyo alipaswa kuwa darasani. Kwa hiyo huu si mjadala wa watu wenye huruma na wanyama peke yao.

Wapo watakaosema kwamba zama za punda zimepita, kwani pikipiki zimejaa. Pikipiki hutaka petroli na barabara. Kwenye makorongo ya Oldonyosambu yote mawili ni haba. Wapo watakaosema kwamba vyama vya namna hii huishia katika kula michango, na kwamba wenye farasi watakuwa viongozi huku wenye punda wakiwa wapiga makofi. Hofu hiyo ina msingi. Basi tusianze na chama, katiba wala ada. Tuanze na kukutana siku ya mnada au ya soko, mara moja kila miezi mitatu, daktari wa mifugo akiwapo, punda na farasi wakiletwa na kutazamwa hadharani. Na kwa kuwa anayemwongoza punda kisimani mara nyingi ni mwanamke, mkutano ambao wanawake hawakusema uhesabiwe kuwa haukufanyika.

Lamu wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Katika mji ule wa vichochoro, zahanati ya punda ilifunguliwa mwaka 1987, na wakati wa Maulidi hufanyika mashindano ya mbio za punda ambayo mji mzima hutoka kuyatazama. Mmiliki ambaye punda wake atatazamwa na watu wote huona haya kumleta akiwa na donda.

Maofisa mifugo wa kata za Arusha na Meru wanayo tayari Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Waitoe kabatini na kuisoma mnadani kwa lugha inayoeleweka. Walimu wawaulize wanafunzi ni nani nyumbani kwao hubeba maji, na jibu liwafikishe kwa wazazi. Wenye farasi, kila wanapomwita daktari, watume habari kwa majirani wenye punda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ni kwa yule tu asiyemjua mwenzake.